Hodi

Mara moja katika pakiti milioni tatu
mashine inazirai.
Nikiongeza mstari mmoja wa kuichungulia
inakaa wima, na adabu zake zote.
Nikiufuta, chini.

Usiku wa nne huu, Langoni, taa inakonyeza.
Shekue anapiga simu toka Malindi:
"Hata yeo bado?"
Bado.

Nimeliona kosa, lakini. Nyuzi mbili, soketi moja:
huyu anaifunga, anarudisha kumbukumbu, anaondoka;
yule, anwani i mkononi,
anaingia nyumba iliyokwisha kubomolewa
na kuomba chai.

Hakuna aliyepiga hodi.

Nikaweka kufuli. Mbili, kwa pupa.
Huyu akashika ya kwanza, akangoja ya pili;
yule akashika ya pili, akangoja ya kwanza:
punda wawili wa mawe kichochoroni,
hakuna wa kurudi kinyumenyume.
Safari hii mashine haikuanguka. Ilinyamaza.
Afadhali ingeanguka.

Alfajiri nimefuta kuliko nilivyoandika.
Kufuli moja, juu ya swali, si chini yake,
maana "upo?" ukiuliza nje ya mlango
jibu huchacha kabla hujavuka kizingiti.
Na kila anayeshika ahesabiwe;
wa mwisho kutoka ndiye abomoe.

Mistari minne.
Shekue anacheka: "Mmoja kwa siku!"

Saa tisa za majaribio, pakiti milioni mia na kitu,
haijazirai.
Sisemi imepona.
Kompyuta nimeifunga nusu, feni yake naisikia.