Zilizofumba

Murtadha wa Matrah hapimi kabla hujaonja.
Anakutilia tatu kiganjani, kisha anakutazama kinywa
kama mwalimu anayengoja jibu.
"Pistashio za Rafsanjani hizi, zimecheka zenyewe mtini."
Ndivyo Waajemi wanavyoliita ganda lililopasuka:
limecheka.
Bibi Ghaniya hakucheka.
Alitafuna, akafuta chumvi mdomoni.
"Korosho iliyovaa kijani. Kilo mbili.
Na kidole chako kitoe kwenye mizani."

Nyumbani Seeb tukatandika jamvi, kiyoyozi kikiguruma,
tukaanza kubangua.
Sufuria la shaba tumeshaliazima,
zafarani inalowa katika marashi,
na halua ya Idi haimsubiri mtu.

Azzan, simu mkononi, akatusomea:
mti huu hupenda jua kali na baridi ya kuuma,
dume na jike husimama mbalimbali,
upepo ndio mshenga wao,
na miaka saba ya mwanzo huenda usizae kitu.

"Miaka saba," Bibi akasema.
"Mimi nilifika hapa na masanduku mawili,
miaka saba nikizungumza na kuta."

Tukanyamaza. Ganda moja likalia, tk.

"Tena ni ukoo mmoja na mkorosho," Azzan akaongeza.
Bibi akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga:
ngozi ya zambarau, nyama rangi ya kisamvu kibichi.
"Ala! Ndiyo maana sura yako niliijua tangu dukani."

Zile zilizofumba nilikuwa nazitupa.
Akanidaka mkono.
Akachukua nusu ya ganda tupu,
akachomeka ncha yake kwenye ufa mwembamba kama unywele,
akazungusha. Pa!
"Unazitupa za nini? Mwenziwe atamfungua."

Halua daktari kamkataza, kwa ajili ya sukari.
Lakini hizi kamruhusu, zisizo chumvi, konzi moja kwa siku:
zina protini, zina potasiamu,
na mafuta yake hayagombani na moyo.
"Konzi," Bibi akauliza, "ya mkono wa nani?"
Akamwita Azzan, mwenye viganja kama sahani.

Asubuhi tulipoipamba halua
pistashio hazikufika hata katikati ya sinia.
Hakuna aliyeuliza.
Bibi alikuwa kibarazani, maganda yamemjaa mapajani,
Azzan kaketi chini, simu kaizima,
naye anamweleza, kwa mara ya kwanza,
kilichokuwamo ndani ya sanduku la pili.