Dirisha la Opolot

Duka lenyewe ni dirisha tu,
upana wake meza ya cherehani,
nyuma ya kituo cha mafuta, barabara ya Soroti.
Kiti hakuna. Ukipewa karatasi yako yenye moto
ondoka nayo; mafuta yakikuchuruzika hadi kiwiko,
shauri lako.

Mimi ndiye mkata vitunguu.
Kilo nne kabla ya saa sita, nalia bila msiba.
Wateja wapya hudhani bosi ananitesa.

Ubaoni ameandika kwa chaki: MKATE WA FILADELFIA.
"Umewahi kufika huko?"
Hajawahi. Alifika Iraki,
miaka mitatu getini mwa kambi ya wenyewe, bunduki begani,
na sajenti mmoja wa jikoni, mnene, mwimbaji wa puani,
akamfundisha katika zamu za usiku:
nyama igande nusu, ndipo uikate iwe karatasi;
kitunguu kisiungue, kilegee;
jibini iwe ya mwisho, wala usiikoroge kwa hasira.

Sasa hapa Mbale nyama ni ya ng'ombe wa pembe ndefu,
imetembea nusu ya nchi kabla ya kutufikia.
Jibini huja na basi la usiku kutoka Kampala,
siku nyingine inafika,
siku nyingine inafika supu.
Na mkate! Nambozo wa tanuri
alileta wa kwanza laini kama shavu,
wa pili rungu,
wa tatu Opolot akaubonyeza, ukajirudi.
Akanyamaza. Akalipia mwezi mzima.

Ng'ambo ya mtaro yuko Wamboga na roleksi zake,
chapati, mayai mawili, nyanya, robo ya bei yetu.
"Nyie Wamarekani," hutupigia kelele, "mna chenji?"
Mara chache.

Juzi akaja Mmarekani wa kweli,
vumbi la Sipi hadi magotini.
Opolot akavaa aproni safi, akafuta bamba mara mbili.
Mgeni akasoma ubao, akatabasamu kwa adabu,
akauliza roleksi zinauzwa wapi.
Tukamwonyesha.
Wamboga alicheka hadi yai likaungua.
Opolot naye alicheka,
ila alichelewa kidogo.

Saa mbili usiku umeme hukatika.
Jenereta ya benki inakohoa, inanguruma,
na mwiko wa chuma husimama hewani mkononi mwake:
moja,
mbili,
tatu.
Sijamuuliza anasubiri nini.
Nyama inalia kwenye bamba. Naigeuza mimi.

Tukifunga, hukaa juu ya kreti ya soda,
anafungua atapa aliyofungiwa na mkewe,
anamega, anachovya, hasemi na mtu.
Mkate uliobaki naubeba mimi.
Nyumbani binti yangu mkubwa anaukata kwa uzi,
vipande vinne, apime, arudie kupima,
na ile jibini iliyogandia karatasini
huyo mdogo anaikwangua kwa ukucha.