Moyo wa Gurudumu

Dukani kwa Gulamali, Barabara ya Nane, Ngamiani,
magurudumu mawili ya mshipi yamelala juu ya kioo.
Moja lina moyo mwembamba kama kidole gumba,
la pili lina moyo mpana kama mdomo wa bilauri.
Moyo: ndivyo ninavyopaita mimi
pale katikati, uzi unapojifunga mara ya kwanza.
Gulamali anapaita "hapo".

Nimesimama tangu saa sita.

"Chukua hili jembamba, Semdoe.
Linameza uzi mita mia mbili, na bei ya kindugu."
Kweli linameza. Ninalo kaka yake nyumbani.
Mwaka juzi kule Mwambani, maji magotini,
ndoano nimeivika manyoya ya jogoo mweupe wa jirani
(jirani hajui mpaka leo),
kolekole aliichukua, akaondoka na uzi,
mita mia, mia na hamsini, mpaka fundo la mwisho,
fundo likasema tu!
nikabaki nalitazama gurudumu
kama mtu aliyepigiwa simu ikakatika
kabla hajaambiwa ni nani aliyefariki.

Kwa hiyo hoja ya kumeza naijua.

Lakini miaka thelathini na moja nimevuta nyaya za simu,
Pongwe, Muheza, Korogwe, hadi Lushoto kwenye ukungu,
na waya hausemi uongo:
ukiulaza kwenye pipa dogo unajifunza udogo.
Asubuhi unautoa, unatoka na pete zake,
unajiviringa barabarani kama jongoo aliyeguswa;
ukiukanyaga unyooke,
unakusubiri uondoe mguu.
Wanasema samaki mkunje angali mbichi.
Kuhusu uzi hawakutuambia kitu.

"Nipe yote mawili, nipime."

Hemedi, kijana wa duka, akashika ncha
akaenda nayo hatua ishirini na tano, mpaka kwa muuza mihogo.
Dereva wa bajaji akainama
kama anayepita chini ya kamba ya nguo.
Nikazungusha, muuza mihogo akahesabu kwa sauti,
wateja wake wakamsaidia.
Jembamba: mia moja arobaini na mbili.
Kufika tisini kifundo cha mkono kilishaanza kulia,
hiki nilichokivunja Muheza, nguzo ilipoondoka na mimi nikiwa juu.
Pana: sabini na nne,
na uzi ukalala bila kinyongo.

Maana samaki hakimbii kwenda tu.
Kuna dakika anageuka, anakujia,
uzi unalegea, na katika ulegevu ule
ndoano inamtoka kama jina la mtu unayemfahamu.
Hapo mita mia mbili zako hazikusaidii.

"Pana," nikasema.
"Tisini na tano elfu."
"Themanini."
"Semdoe, moyo mpana una gharama."
Hakukusudia. Tukanyamaza wote wawili,
feni ikazunguka peke yake,
kisha akanipunguzia elfu tano.

Nyumbani Chumbageni, Mwantumu akauliza,
"Na huo uzi wa zamani, unautupa?"
Sikuutupa. Nikaufunga kwenye mpera,
nikauvuta hadi nguzo ya jiko,
nikauning'iniza tofali zima katikati.
Siku tatu ulinyooka kama mstari wa daftari.
Kunguru alitua juu yake, akaghairi.

Siku ya nne nikaondoa tofali.
Uzi ukatulia kidogo, kama unaofikiri,
kisha polepole, pete moja. Pete nyingine.
Mwantumu akacheka mpaka akaweka ungo chini.
"Wewe je? Miaka sita umestaafu,
na saa kumi na moja alfajiri bado unatafuta viatu vya kazi."

Gurudumu jipya liko juu ya kabati.
Linazunguka vizuri, bila sauti.
Uzi wake sijanunua; fedha ilibaki kwa Gulamali.