Herufi Iliyozama

Gatini Mokowe, saa tano usiku, maji mafu.
Redio huzimia ikigusa chumvi,
ndiyo maana nimeshika mwali wa kijani,
mwembamba kama uzi wa kofia,
nauchomeka majini.

Shee yuko chini, pima nne,
jicho la kioo kifuani.
Mwanga ukitoboa ngozi ya bahari hupinda;
mpindo huo niliupigia hesabu.
Sikuhesabu kiwimbi
cha mashua ya mgonjwa anayevushwa Amu.

Natuma: RUDI.
Waka, zima, waka.

Anaibuka, anatema maji, ananusa hewa:
"Nani kafukiza? Nimesoma UDI."

Tunacheka. Halafu hatucheki.
Mtungini imebaki pumzi ya dakika mbili,
na R yangu ingali huko,
inameremeta mchangani,
haina msomaji.