Jaribio la Tatu

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa mistari miwili:
tulichemsha maji ya kisima,
tukapata chumvi.
Nikapiga mstari chini kwa rula, nikaona nimemaliza.

Ikarudi na maswali mekundu:
Maji gani? Ya kisima kipi?
Kiasi gani? Yalikaa motoni kwa muda gani?
Na hiyo chumvi, mliipima au mliionja?
Chini kabisa, kwa herufi ndogo:
Andika ili mtu wa Lodwar, asiyeijua Langoni,
afuate maneno yako na akute ulichokikuta.

Mwalimu Kalume si mtu wa maneno mengi.
Rasimu iandikeni kwa Kiswahili, alisema,
Kiingereza kitakuja baadaye, kikishavaa viatu.

Nikaanza upya.
Kisima: cha nyanya yangu, Bi Mwanamize,
hatua kumi na nne kutoka mlango wa nyuma.
Kina: kamba ya pima mbili na shibiri.
Saa: moja na robo asubuhi,
kabla punda wa jirani hajanyweshwa.
Nikaongeza kwamba nyanya amekataa chai tangu Rajabu,
anasema maji yamegeuka.
Mwalimu hakumfuta nyanya.
Alichora mshale tu, akamtoa kwenye Matokeo
akampeleka Utangulizi:
Huyu ndiye swali. Jibu aiachie mizani.

Mizani. Mjini kwetu neno hilo lina wenyewe.
Mjomba Famau huhesabu silabi kwa vidole,
nane huku, nane huku,
na ikizidi moja usiku halali.
Ya maabara inatumia betri,
na mtu akipumua karibu, namba inatetemeka.

Mililita mia moja. Bakuli la kauri. Taa ya spiriti.
Jaribio la kwanza: gramu 0.29.
La pili: 0.31.
La tatu nilikuwa na haraka, nikapandisha utambi,
na maji yalipokaribia kwisha
chumvi ikaanza kuruka, tik, tik,
juu ya meza, juu ya daftari, kwenye mkono wa shati.
Gramu 0.12.

Twalib, meza ya pili, alikuwa na
0.30, 0.30, 0.30,
safu nzuri kama meno ya bandia.
Andika kama mimi, akaninong'oneza, nani alikuwepo?

Nilikuwepo mimi.

Hata hivyo nilitafuta mlango wa uani.
Lugha yetu inayo milango hiyo:
maji yalimwagika, bakuli lilivunjika,
hakuna aliyemwaga, hakuna aliyevunja,
vitu viliamka asubuhi vikajivunja vyenyewe.
Nikaandika: Sehemu ya chumvi ilipotea.
Nikaitazama sentensi, safi, imetawadha,
haina mtu ndani.
Nikaifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Katika jaribio la tatu nilipandisha moto mapema.
Chumvi iliruka nje ya bakuli. Sikuikusanya.
Namba naiacha hapa, ila sikuihesabu kwenye wastani.
Atakayerudia, apunguze utambi
maji yakibaki kijiko kimoja.

Wastani: 0.30.
Ile ile ya Twalib.
Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Ikabaki Hitimisho.
Kalamu ilitaka kuandika: nyanya alisema kweli.
Lakini mwaka jana hakuna aliyepima,
na bila namba ya jana, ya leo haiwezi kusema "nimezidi".
Nikaandika: Maji haya yana chumvi.
Kama imeongezeka, jaribio hili halijui.

Nyanya alinisikiliza hadi mwisho,
kikombe mkononi, kitupu.
Kwa hiyo umechemsha siku tatu
uje uniambie hujui?

Ndiyo, nikasema.
Lakini nimeandika tarehe.