Ghorofa ya Tisa

Jengo letu, pale Posta, lina ghorofa tisa,
na ya tisa ina zulia, kiyoyozi,
picha za wenyeviti kumi, wote wamefunga tai,
na choo kimoja.
Mlangoni pake pamebandikwa mtu wa shaba,
suruali yake imenyooka.

Waliponiteua walinipa gari, funguo, kibao chenye jina:
Kokushubila Rweyongeza, Mkurugenzi wa Fedha.
Taarifa ya mwaka ikaandika kwa wino wa kijani:
wanawake, asilimia arobaini na nane.
Choo hawakukiandika.

Basi nashuka. Ngazi thelathini na nne hadi ya saba,
maana lifti na umeme wa Februari, kila kimoja na lake.
Napishana na Siwema wa masijala, anapanda na birika.
Napanda tena. Jasho limenichora mgongoni.
Nafungua mlango:
"Aa, hiyo tumeshapitisha."

Tumeshapitisha zabuni ya mabomba.
Tumeshapitisha chumba cha kunyonyeshea kiwe stoo ya makaratasi.
Husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilikuja. Sikuona aliyepona.

Nikaacha kunywa maji.
Miezi saba, midomo mikavu kama andazi la juzi,
nikidhani huo ndio uongozi:
kujibana.

Kisha mwenyekiti akasafiri, nikakaimu.
Hotuba sikutoa. Nilituma karatasi ya mstari mmoja:
kikao cha Jumanne, ghorofa ya saba, masijala.

Walikuja wakipiga chafya za vumbi la mafaili.
Nikamwambia Siwema, birika weka chini, vuta kiti.
Akatazama karatasi ya mabomba, akasema polepole,
kama mtu anayetoa mwiba:
"Bei hii tuliikataa mwaka juzi. Faili lipo hapa, nyuma yako, Bwana Lupogo."

Saa tano na robo Lupogo akaanza kujisogeza kitini.
Akaniinamia: cha wanaume kiko wapi?
"Ya tisa, kaka."

Akatoka. Mtu akauliza, tuendelee?
Nikailaza kalamu juu ya ajenda ya nne.
Honi za Posta zikatufikia dirishani.
Tulisikia viatu vyake vikipanda, vikapotea,
vikarudi vimechoka.

Aliingia akihema, shati limemganda,
macho yakikimbilia mezani:
"Mmeshapitisha?"

"Bado," nikasema.
"Tulikuwa tunakusubiri."