Boriti Thelathini na Moja

Karakana ya Sleyum, Sohar, saa tatu asubuhi,
nje nyuzi arubaini na tatu.
Nakata mkanda wa chuma wa shehena ya Ufini:
mbao nyeupe, zinanuka baridi nisiyoijua.

Kila ubao una muhuri, na muhuri una karatasi,
na karatasi yasema: ulipokatwa mti huu
ilipandwa miche mitatu.
Sleyum anacheka. "Nani alikwenda kuihesabu?"
Mimi mshika daftari; naziamini tarakimu,
ila nazipitia mara mbili.

Ibra, dari ya bibi imelalia boriti
za mikoko ya Rufiji, thelathini na moja.
Nilizihesabu utotoni, nikiumwa surua.
Nyeusi, ngumu, mchwa amezishindwa.
Hazina muhuri.
Aliyezikata matopeni hakuandikwa popote,
wala kisiki.

Mteja ataka mlango usiopinda.
Namwonyesha pete za umri kwenye ncha ya ubao,
moja nyembamba kama uzi:
mwaka huo mti uliona dhiki.
Anauliza bei tu.

Jioni nafagia unga wa mbao,
natia karatasi kwenye faili,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi:
Boriti 31, Rufiji.
Miche: sijui.